Ujiji Ikabaki Pembeni

Ndugu msomaji, ukitaka kuujua mji wa Kigoma usianzie sokoni, wala usianzie kwa mkuu wa mkoa. Anzia stesheni. Simama mlangoni, ipe reli mgongo, kisha tazama mbele. Barabara moja pana inapanda mlima mbele yako, imenyooka kama iliyopigwa rula, miembe imeisimamia kandokando, na chini ya miembe kuna maduka, benki, wauza vocha, mafundi cherehani na vijana wa bodaboda wanaogombea abiria. Hiyo ndiyo barabara ya Lumumba. Nyuma yako kuna reli, na nyuma ya reli kuna Ziwa Tanganyika. Mji wote unaning'inia pale stesheni kama kanga kwenye msumari. Ung'oe msumari ule uone kitakachobaki.

Sasa panda daladala uende Ujiji. Si mbali, kilomita nane hivi. Huko utakuta mji mwingine kabisa. Vichochoro vimepinda, nyumba zimegeukiana, msikiti umekaa katikati ya watu, vibaraza vina wazee, na njia zote zinataka kwenda ziwani lakini hakuna inayofika kwa mstari mmoja. Mji huu haukupimwa na mtu yeyote. Ulikua wenyewe, kama mti.

Kwenye makaratasi ni manispaa moja, Kigoma/Ujiji. Lakini msikilize bibi yangu, mzaliwa wa Ujiji, anapotaka kwenda benki. Hasemi "naenda mjini". Anasema "naenda Kigoma", kama mtu anayevuka mpaka. Na mjukuu wake wa miaka kumi, huyohuyo wa Ujiji, anasema "naenda mjini". Nyumba moja, sufuria moja, lakini maneno mawili. Katikati ya maneno hayo mawili ndipo reli ilipopita, nami ndiyo habari ninayotaka kuisimulia.

Kwanza tumalizane na Wazungu wawili. Shuleni tulifundishwa kwamba Ujiji ni mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Tukaimba, tukajibu mtihani, tukapata vema. Mpaka leo mgeni akifika Ujiji anapelekwa kwenye jiwe la kumbukumbu, anaonyeshwa miembe inayosemekana ni machipukizi ya ule mwembe wa siku ile, anapiga picha, anaondoka. Lakini hebu jiulize, ndugu yangu: kwa nini Livingstone alikuwa Ujiji? Alikuwa anangojea nini pale? Alikuwa anangojea bidhaa na barua kutoka pwani, kwa sababu Ujiji ndiko bidhaa na barua zilikokuwa zikifika. Alikwenda kwenye mji. Hakuufanya yeye uwe mji. Hata Burton na Speke walipofika mwaka 1858 walikuta soko na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili, na njia yao waliifuata nyuma ya misafara iliyokuwa inakwenda na kurudi zamani.

Njia hiyo ilianza Bagamoyo. Ikapita Ugogo, ikafika Tabora, ikavuka Malagarasi, ikamalizikia Ujiji ufukweni. Mwendo wa miezi mitatu na zaidi kwa miguu. Hamali wa Kinyamwezi alibeba begani frasila mbili hivi, kama kilo thelathini za leo, vitambaa na shanga na waya wa shaba wakati wa kwenda, pembe za ndovu wakati wa kurudi. Na watu. Tusifiche hilo. Walivushwa watu kutoka ng'ambo ya ziwa, wakauzwa Ujiji, wengine wakasukumwa mpaka pwani. Wamanyema wengi wa Ujiji leo ni uzao wa watu waliovuka ziwa nyakati hizo, wengine kwa hiari, wengine kwa kamba. Ndio walioujaza mji ule, wakaupa Kiswahili chake, ngoma zake na mapishi yake. Mwinyi Kheri alitawala biashara ya pale mpaka alipokufa mwaka 1885, na baada yake akaja Rumaliza. Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi mwaka 1896, walikiweka Ujiji. Wangekiweka wapi kwingine? Ujiji ndio ulikuwa mji.

Kigoma wakati huo? Ghuba nzuri yenye wavuvi. Basi.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Kazi ilifanywa na kampuni ya Philipp Holzmann ya Frankfurt. Mwaka 1907 reli ilikuwa Morogoro, 1910 Dodoma, 1912 Tabora. Ukiitazama ramani utaona jambo la kuchekesha, kama si la kusikitisha: kwa sehemu kubwa reli iliifuata njia ileile ya misafara. Wahandisi na mahesabu yao yote, na vyombo vyao vya shaba vya miguu mitatu, wakajikuta wanatembea alipotembea hamali. Maji yako hukohuko, chakula kiko hukohuko, watu wa kufanya kazi wako hukohuko. Na wafanyakazi wengi walikuwa nani? Wanyamwezi. Wale wale waliobeba frasila mbili ndio waliopiga nyundo mataruma ya kitu kitakachofuta kazi ya kubeba. Mimi nikiwa na uwezo ningeandika riwaya nzima juu ya baba hamali na mwana fundi reli, na chakula cha jioni wasichosemezana.

Lakini reli haikuifuata njia yote. Iliikata kichwa na mkia. Kichwa ni Bagamoyo: Wajerumani walikuwa wamekwisha kuhamishia makao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, kwa ajili ya bandari yenye kina, na reli ikaanzia huko. Mkia ni Ujiji. Tabora iliyokuwa katikati ikapona, ikawa stesheni kubwa, na mwaka 1928 ikapata na tawi la kwenda Mwanza. Miji miwili ya mwishoni, ile iliyokuwa milango, yote miwili ikafungwa kwa sababu moja: maji.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana wengi husema Wajerumani waliichukia Ujiji kwa sababu ya Uislamu wake, au kwa sababu ya Waarabu. Inawezekana hawakuipenda, mimi sikuwapo. Lakini jambo lenyewe ni la kawaida zaidi. Mtumbwi na jahazi havihitaji gati. Vinahitaji ufuko wa mchanga unaoteremka polepole, ili chombo kivutwe nchi kavu, kipakuliwe, kikarabatiwe, kisukumwe tena. Ujiji inao ufuko kama huo, na mafundi wa kuunda vyombo wanaufanyia kazi mpaka leo. Meli ya chuma ni habari nyingine. Meli inataka kina kirefu karibu na nchi kavu na kizuizi cha upepo. Ghuba ya Kigoma inavyo vyote viwili; imejikunja ndani ya vilima kama kiganja. Zaidi ya hayo, ziwa lenyewe liliihama Ujiji. Baada ya maji kupata upenyo wa kutoka kwa Mto Lukuga, upande wa Kongo, katika miaka ya 1870, ziwa lilishuka mita kadhaa, na ufuko wa Ujiji ukasogea mbali na nyumba. Ndiyo maana lile jiwe la kumbukumbu la Wazungu wawili sasa limesimama mbali na maji.

Kwa hiyo tarehe 1 Februari 1914 reli ikafika ziwani, baada ya kilomita 1,250 hivi, na ikafikia Kigoma. Stesheni ikajengwa chini kabisa, karibu na gati, ili mzigo utoke kwenye behewa uingie melini bila kubebwa mbali. Mpangilio wote wa mji unatokana na uamuzi huo mmoja. Reli haiwezi kupanda mlima mkali, barabara inaweza. Reli ikalala pembeni ya maji, barabara ikapanda. Wakubwa wakajenga juu ya vilima, penye upepo na mandhari. Nyumba kubwa ya Wajerumani watu wanayoiita ya Kaiser ingali inatazama ziwa, na hadithi ya mahandaki yanayotoka humo kwenda chini utaisimuliwa na kila mtoto wa Kigoma, usipime! Utawala nao ukahama Ujiji, ukaja kukaa karibu na treni.

Wajerumani walipanga sherehe. Maonyesho makubwa yaandaliwe Dar es Salaam Agosti 1914 kuitukuza reli yao mpya. Agosti ikafika na vita vikafika. Sherehe ikafa.

Kilichofuata ni kisa ambacho mtunzi akikitunga ataambiwa amezidisha chumvi. Huko Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, meli iliundwa ikakamilika, kisha ikafumuliwa yote, vipande vikatiwa katika makasha 5,000, makasha yakapakiwa melini mpaka Dar es Salaam, yakapakiwa treni mpaka Kigoma, na pale ufukweni mafundi watatu wa Kijerumani pamoja na vibarua Waafrika na Wahindi wakaiunganisha upya, msumari kwa msumari. Ikashushwa majini Februari 1915, ikaitwa Graf von Goetzen. Bila reli meli ile isingefika. Hakuna hamali wa kubeba boila. Mwaka uliofuata ndege za Wabelgiji zilizotua juu ya maji zikaja kudondosha mabomu bandarini. Nawaza mara nyingi juu ya mzee wa Kigoma wa siku ile: miaka mitatu tu nyuma alikuwa na mtumbwi, nyavu na ukimya. Halafu treni, halafu meli ya chuma, halafu kitu kinachoruka na kulipua. Yote hayo ndani ya miezi thelathini.

Julai 1916 Wajerumani walikimbia. Kabla ya kukimbia waliizamisha meli yao wenyewe tarehe 26 Julai, lakini mafundi wakaipaka mitambo grisi nyingi kwanza, wakitumaini kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na Mei 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Ikaendelea na kazi hiyo kwa miaka karibu mia moja, ikiteremka kusini mpaka Zambia, ikisimama katikati ya maji mbele ya vijiji visivyo na gati huku mitumbwi ikiikimbilia na abiria, kuku, magunia ya dagaa na mananasi.

Wabelgiji waliishika Kigoma tangu 1916 mpaka Machi 1921. Walipoondoka hawakuondoka kabisa. Wao walikuwa na Kongo, na sasa walikuwa wamepewa na Ruanda-Urundi, na nchi zote hizo hazina bahari upande wa huku. Upande wa Kongo walikwisha kufikisha reli yao Albertville, mji unaoitwa Kalemie leo, mwaka 1915. Hivyo mzigo ungeweza kushuka kwa treni ya Kongo, ukavuka ziwa, ukapanda treni ya Kigoma mpaka Dar es Salaam. Kwa mkataba wa 1921 Waingereza waliwapangisha Wabelgiji eneo katika bandari ya Kigoma na jingine Dar es Salaam, daima dumu, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Faranga moja! Mama wa kuuza mihogo pembeni ya stesheni analipa ushuru kuliko huo kwa asubuhi moja. Maeneo hayo yaliitwa Belbase. Baada ya Uhuru wa 1961 Serikali ya Tanganyika ilikataa kufungwa na neno lile la daima: mkoloni mmoja hawezi kumgawia mkoloni mwenzake ardhi ya watu milele, halafu wenye ardhi wakija warithi deni.

Nirudi barabarani. Waingereza walikuwa na desturi yao ya kuukata mji vipande vitatu, na kila mtu aliyekulia mji wa reli anavijua hata kama hajui nani alivikata. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Nenda Tabora, Dodoma, Morogoro, majina hayo yapo au alama zake zipo. Kigoma vipande hivyo vilisimamishwa wima kwa sababu ya mlima. Vilimani upande wa ziwa, wakubwa. Barabarani kutoka stesheni, Wahindi na maduka yao yenye baraza mbele, duka chini, familia nyuma au ghorofani. Juu zaidi, mbali na gati, Mwanga, wanakokaa watu. Kwa hiyo barabara hii moja ilikuwa kama ngazi: asubuhi Mwanga inashuka kazini, jioni Mwanga inapanda nyumbani. Mpaka leo ukisimama katikati saa kumi na mbili asubuhi utaona kushuka, na saa kumi na mbili jioni utaona kupanda. Amri zilikufa zamani, miguu bado inazitii.

Lakini nani alinunua katika maduka yale? Hapa ndipo habari yenyewe inaponigusa, maana historia ya reli yetu mara nyingi inaandikwa kwa mizigo: tani za hiki, tani za kile. Mzigo mkubwa uliotoka Kigoma ulikuwa vijana. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalitaka mikono, na Buha ilikuwa na mikono isiyo na pesa ya kodi. Kuanzia mwaka 1944 chama cha wenye mashamba kilikuwa na ofisi yake maalumu ya kuandika vibarua, SILABU, na mawakala wake wakaingia mpaka vijijini. Kijana wa Kasulu au Kibondo aliandikwa, akapewa namba, akapandishwa behewa. Ndiyo asili ya jina manamba. Hebu fikiri: kwa kijana yule mji wa Kigoma ulikuwa ni nini? Ulikuwa lango la kutokea. Alifika kwa miguu, akaona ziwa, akaona taa za umeme, akaona garimoshi, na kesho yake hayupo.

Na akirudi? Alirudi baada ya mwaka mmoja, miwili, mingine haikurudi kabisa. Aliyerudi alishuka pale pale stesheni, mfukoni ana pesa za mkonge, na kabla ya kuianza njia ya Kasulu lazima aipande barabara ile, duka upande huu, duka upande huu. Shati. Blanketi. Kitenge cha mama. Baiskeli kama alijibana sana. Sioni ajabu kwamba maduka ya nguo yalipenda sana kukaa upande wa chini. Mwenye duka aliisubiri treni kama mvuvi anavyosubiri wavu ukaze. Watoto wengi wa Buha walivaa shati lao la kwanza kutoka barabara ile, na shati hilo lilikuwa mwaka mmoja wa mgongo wa baba.

Mwaka 1965 akaja mteja wa aina nyingine. Ernesto Che Guevara alipitia Kigoma mwezi wa Aprili, akavuka ziwa usiku kwenda kusaidia vita vya Kongo, na Novemba akarudi kwa maji yaleyale, ameshindwa. Katika maandishi yake juu ya vita vile alilalamika kwamba wapiganaji na viongozi wao waliipenda mno Kigoma: baa zake, wanawake wake, usalama wake. Wakivuka kwa shughuli ya siku mbili wanakaa wiki. Sisi wa Kigoma tukisoma hayo tunacheka, halafu tunanyamaza. Ni kweli, mji wa mwisho wa reli huwa na starehe zake. Abiria analala akisubiri treni, baharia analala akisubiri meli, na wote wanataka bia na wali samaki. Gesti na hoteli za kando ya barabara zilijengwa na kusubiri kwa watu.

Na kusubiri huko, bwana, tunakujua. Reli ya Afrika Mashariki iligawanywa Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Reli Tanzania likaanza, na miaka iliyofuata ilikuwa ya vichwa vya treni kuzeeka na mvua kuondoka na tuta. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yaliikata reli. Desemba 2009 mto ukaichukua tena Kilosa, na abiria wa Kigoma kwa muda mrefu wakalazimika kupanda basi mpaka Dodoma ndipo wakute treni. Mjomba wangu alikuwa mpenzi wa magazeti. Anasema katika miaka ya 1990 gazeti la Jumatatu lilisomwa Kigoma siku ya Alhamisi, nalo likasomwa kwa heshima zote, na watu walibishana barabarani juu ya mechi ambayo Dar es Salaam walikwisha kuisahau. Vitabu navyo vilikuja kwa treni ileile. Ninyi mnaoandika na kutuma kazi kwenye magazeti haya mfikirie: kulikuwa na kijana mwenzenu aliyeipeleka hadithi yake stesheni ndani ya bahasha, na akahesabu siku mbili za kwenda, na siku mbili za kurudi, na katikati mvua.

Miaka hiyohiyo ya 1990 watu walimiminika kutoka Burundi na kutoka Zaire, kwa barabara na kwa maboti, na chakula cha msaada kikaja kwa reli. Gati lililojengwa kupakia pembe na pamba likapakua mahindi ya wakimbizi. Barabara ya Lumumba ikajaa magari meupe ya mashirika, nyumba zikapanda kodi, vijana waliojua Kiingereza wakapata kazi, na wasichana waliojua Kifaransa wakapata zaidi. Halafu mashirika mengi yakapungua. Mji wa reli umezoea. Mzigo huja, mzigo huondoka.

Ujiji wakati wote huo ilikuwa inafanya nini? Ilikuwa inaishi. Hili nataka nilisisitize kwa sababu wageni huandika kwamba Ujiji "ilikufa", kana kwamba mji ni biashara tu. Walioihama ni matajiri na serikali. Waliobaki waliendelea kuunda mitumbwi, kuvua dagaa na migebuka, kukamua mawese, kusomesha madrasa, kuoa na kuzika. Ujiji ilipoteza katikati yake, ile sehemu ambayo mtu wa mbali akishuka anaiuliza, ikabaki na pembe zake. Nasikia uchungu kidogo, sitaficha. Mji uliokuwa unajulikana mpaka Zanzibar na London uligeuka kuwa kituo cha mwisho cha daladala. Lakini ukitaka kusikia Kiswahili kilichotulia, chenye methali na matusi yaliyokaa mahali pake, huendi Lumumba. Unaenda Ujiji, unakaa kibarazani, unaagiza kahawa.

Desemba 2022 Serikali ilitia sahihi mkataba wa reli ya kisasa, SGR, kutoka Tabora mpaka Kigoma, kilomita 506. Wenzetu wa Morogoro wamekwisha kuonja. Pale reli ya zamani iliingia mpaka mjini, na mji ukajengeka kuizunguka. Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam Juni 2024, inawashusha Kihonda, nje ya katikati ya zamani. Sababu si chuki kwa mtu. Treni ya mwendo wa kilomita 160 kwa saa haiwezi kupinda kama ile ya mita moja, na viwanja vya katikati vimejaa nyumba. Ni zile sababu za kawaida, kama zile za kina cha maji mwaka 1914. Na Kihonda sasa kila mwenye chumba cha mbele anafikiria kufungua duka.

Nilimsomea bibi habari ya mkataba kwenye simu. Akasikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuchambua mchele wake.

"Na hiyo stesheni yenu," akauliza, "wataiweka upande gani?"

Mjukuu akajibu upesi kwamba mjini, bibi, itawekwa mjini.

"Mjini wapi?" akasema bibi.

Wiki ile Mwanga na Gungu watu walikuwa wanaulizana bei za viwanja.